Mrejesho: ile .com iliyoandikishwa kwa jina langu imesimamishwa

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Nilieleza kwamba mtu kaandikisha jina la kikoa (anwani ya tovuti) la .com akajaza jina langu, sanduku langu la posta na namba yangu ya simu kama mmiliki. Waliotapeliwa kwenye tovuti hiyo wakawa wananipigia mimi.

Mlionishauri nianze kwa msajili, yaani kampuni iliyoandikisha jina hilo, asanteni. Nilituma kitambulisho na nakala ya taarifa za usajili nilizozitoa lookup.icann.org. Wiki nzima kimya. Nikapeleka malalamiko ICANN kwenyewe, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, na hapo ndipo msajili akaamka, maana mkataba wake na ICANN unambana: mwenye jina akiulizwa kuhusu usahihi wa taarifa zake asipojibu ndani ya siku 15, jina lisimamishwe au lifutwe. Tapeli hakujibu. Sasa tovuti haifunguki, na hali ya usajili inasomeka clientHold, yaani msajili amelisimamisha jina.

Polisi nilikwenda pia, RB (namba ya taarifa iliyofunguliwa kituoni) ninayo. Hiyo msiiache, ndiyo kinga yenu mkiitwa kujieleza.

Kinachoniuma ni mama mmoja aliyepoteza laki mbili. Kusimamishwa kwa jina hakumrudishii hata senti. Nimempa namba ya RB yangu, kesho tunakwenda wote kituoni afungue ya kwake.