Ukoo wa Makorora: Jumamosi ya watoto

Alhamisi

Mwanaidi: Asalaam aleikum wanaukoo. Jumamosi saa nne asubuhi watoto wote wa kidato cha kwanza na cha pili wawe kwa mama Makorora. Mwalimu Kassim atawafundisha seli kwa Kiswahili. Wameikariri kwa Kiingereza mpaka basi, ukimuuliza mtoto maana yake anakukodolea macho.

Mwanaidi: Vinatakiwa hadubini, ayodini na vitunguu. Vitunguu juu yangu.

Mwanaidi: Tiki za buluu naziona. Vidole vimeungua?

Dula: Shangazi, na mchele je? Maana vitunguu peke yake si pilau

Mwanaidi: We Dula. Ni cha kutazama. Unabandua kile kigozi chembamba cha ndani, unakidondoshea ayodini, ukichungulia unaona seli zimepangana kama matofali.

Mwalimu Kassim: Waaleikum salaam. Na ndani ya kila moja mtaona kidoa, ndicho kiini chake. Bila ayodini hakionekani vizuri.

Mwalimu Kassim: Nitaanza na Robert Hooke, Mwingereza. Mwaka 1665 alichapisha alichokiona kwenye kipande cha gome la mti, lile la vizibo. Aliona kuta tupu, mwenyewe wa ndani kafa zamani. Walio hai aliwaona Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Uholanzi, kwa lenzi alizozisugua mwenyewe. Ikapita zaidi ya karne. Mwaka 1838 mtaalamu wa mimea Schleiden akasema mimea yote imejengwa kwa seli, mwaka wa pili mwenzake Schwann akasema na wanyama vilevile.

Dula: Muuza vitambaa!! Kumbe hata wa barabara ya kumi na mbili wana nafasi

Mwalimu Kassim: Utani huo, lakini ndivyo. Sasa patamu ni hapa. Schleiden alidhani seli mpya inajifanyiza yenyewe, si kwa kugawanyika. Daktari mmoja, Remak, akatazama, akaona seli inagawanyika ndipo inapatikana nyingine, akaandika. Daktari mwenzake Virchow akaja kulitangaza jambo hilohilo mwaka 1855, sifa zikaenda kwake.

Hemedi: Kazi ya mwenziwe, jina lake. Kama cherehani ya marehemu. Nani aliilipia, na nani anaishonea Pongwe leo?

Mwanaidi: Kaka Hemedi, tuliyamaliza siku ya arobaini.

Hemedi: Mliyamaliza nyie. Mie nilikuwa nagawa sahani.

Mwanaidi: Jamani HADUBINI. Nani?

Dula: Mwalimu, ni kweli ile njano ya yai ni seli moja?

Mwalimu Kassim: Kama yai halijarutubishwa, ndiyo, nzima ni seli moja. Si kila seli inataka hadubini.

Dula: Basi leo nimekula seli mbili na chapati 😂

Hemedi: 😂😂 Na deni la muuza chapati

Ijumaa

Zuhura: Samahani, nimechelewa kusoma. Mwalimu, na selimundu, ule ugonjwa wa damu, utawafundisha?

Mwanaidi: Wifi, hiyo tuiache kwanza. Watoto wana mtihani wa seli.

Zuhura: Na selimundu ni nini kama si seli? Kule Mabawa mlisema ni jicho la mtu. Halafu mkasema ni damu ya kwetu.

Mwalimu Kassim: Zuhura yuko sahihi kuuliza. Seli nyekundu ya damu ni ya duara, laini, inajikunja ipite kwenye mishipa midogo mno. Ya selimundu oksijeni ikipungua inakakamaa na kupinda, inakwama, hapo ndipo maumivu. Ya kawaida huishi siku kama 120, hii 10 mpaka 20, ndiyo maana damu inapungua. Na mtoto hapati ugonjwa huu kwa mama peke yake. Lazima arithi kwa baba pia.

Zuhura: Andika tena hiyo ya mwisho.

Mwalimu Kassim: Kwa baba na kwa mama, wote wawili.

Mariamu: Shikamooni. Nimemsomea Bibi yote. Anasema niandike alivyosema: "Mwalimu aanze na hiyo ya damu, vitunguu vitasubiri. Athumani aje, akae mbele na watoto. Mimi nilisema maneno Mabawa, nitayafuta kwa kinywa changu, si kwa simu."

Mwanaidi: Labeka mama.

Hemedi: Tumesikia mama.

Mwanaidi: @Athumani umesoma?

Mwanaidi: @Athumani

Mwalimu Kassim: Hadubini kuna rafiki yangu nitamuomba. Sijaahidi.

Mwanaidi: Zuhura utakuja?

Zuhura: Nina zamu mpaka saa saba. Mkisogeza, labda.

Mwanaidi: Saa nane basi?

Dula: Saa kumi Coastal wanacheza Mkwakwani shangazi, watoto hawatakaa

Hemedi: Saa nane nina mazishi Duga. Wekeni saa tatu.

Mwanaidi: Kaka, saa tatu Zuhura yuko kazini! Na ayodini bado hakuna aliyesema.