Mrejesho: ile programu ya stoo ya mzee imekubali kwenye Windows 11

Wakuu habari za saa hizi, narudi na mrejesho. Kwa ambaye hakuona, niliuliza kuhusu programu ya stoo ya duka la vipuri la mzee, ya VB6 (Visual Basic 6, lugha ya zamani ya kutengenezea programu), ilikuwa inapiga kazi freshi kwenye Windows 7, nimehamia kompyuta mpya ya Windows 11 ikawa kila nikiifungua inaleta eti MSCOMCTL.OCX (faili ya vipande vya dirisha kama orodha, ambayo programu inaitegemea) haijasajiliwa.

Imepona aisee. Kosa nilikuwa naipesti ile faili kwenye folda ya System32, kumbe kwenye Windows ya biti 64 majina yamekaa kinyume, System32 ni ya vitu vya biti 64, programu ya biti 32 kama yetu ikitafuta huko inapelekwa kimya kimya kwenye SysWOW64, folda ya vitu vya biti 32, kwa hiyo faili ipo ila yenyewe haiioni! Nikaihamishia SysWOW64, nikafungua CMD (dirisha la kuandika amri) kwa Run as administrator (hapa msiruke, bila hivyo kusajili kunagoma) nikaandika

C:\Windows\SysWOW64\regsvr32 C:\Windows\SysWOW64\MSCOMCTL.OCX

ikasema imefaulu, programu ikafunguka na orodha yote ya beringi na breki pedi ipo, mzee alikaa pale kwenye kiti anaperuzi moja moja anahakiki na daftari lake.

Ripoti nazo zilikataa kidogo, ile ODBC (kiunganishi cha programu na hifadhidata) lazima uiseti upande wa biti 32, fungua odbcad32.exe iliyopo humo humo SysWOW64.

Mlionielekeza asanteni sana, mmeokoa rekodi za miaka mingi. OCX chukueni kwenye kompyuta yenu ya zamani, msidaunilodi hovyo, virusi vingi.