Mahindi yaliyofuata kabichi yamedumaa, shida ni mizizi?

Muulizaji: Wakuu, nina vipande viwili vinavyotenganishwa na mfereji tu. Udongo ule ule, mbegu ile ile, mbolea ya kupandia nimepima kwa kizibo kimoja. Msimu uliopita kimoja kilikuwa na maharage, kingine kabichi. Sasa mahindi yana wiki nne. Yaliyofuata maharage yananifika magotini. Yaliyofuata kabichi yamedumaa, kingo za majani ni zambarau. Nimeng'oa shina moja kila upande. La kwenye maharage limetoka na bonge la udongo, hata kulikung'uta ni kazi. La kwenye kabichi limetoka na mizizi mitupu, kama limeoshwa. Kabichi imemaliza mbolea yote?

Jibu: Hiyo zambarau ni njaa ya fosforasi. Angalia kwanza kama udongo umeshindiliwa.

Muulizaji: Nimechomeka fimbo pande zote, inazama sawa.

Jibu la pili: Basi nashuku fangasi wa udongoni, si wale wa ugonjwa, bali hawa wa mikoriza. Swali lako limenigusa kwa sababu yamenikuta hayo hayo misimu miwili. Fosforasi haisafiri na maji kama naitrojeni. Mzizi hufyonza iliyo milimita moja au mbili kando yake, pakiisha ndiyo basi. Fangasi hawa huingia ndani ya mzizi, kisha hutandaza nje nyuzi nyembamba kuliko vinyweleo vyake, sentimita kadhaa mbele, na kuurudishia fosforasi na zinki. Mmea huwalipa sukari. Nyuzi hizo pia hushikanisha udongo, nadhani ndiyo siri ya lile bonge lako. Sasa kabichi na jamii yake hazina ushirika huo kabisa. Msimu mzima fangasi wako wamekosa mmea wa kuwalisha.

Mimi nilichemsha mizizi kwenye potashi kali, si ile ya mbolea, hadi ikapauka, nikaitia wino wa kalamu uliochanganywa na siki. Kwenye hadubini, ya baada ya maharage ilijaa nyuzi za buluu na vifuko vya mviringo. Ya baada ya kabichi nilitafuta hadi macho yakauma, nikapata vipande vichache.

Muulizaji: Kwa hiyo nimwage fosforasi nyingi?

Jibu la pili: Hapana, ndugu yangu. Mmea ukishiba fosforasi huacha kuwalisha fangasi, na utakuwa umewamaliza wewe mwenyewe. Weka kidogo, na usiimwage juu maana haitashuka. Ifukie kwenye kijishimo kando ya shina. Ukivuna, usikiache kipande kitupu. Panda kunde, na lima kidogo uwezavyo, kwa sababu jembe hukata ule mtandao wa nyuzi.

Muulizaji: Nashukuru sana. Leo asubuhi nimefukia mistari minne, miwili nimeiacha bila kitu ili nilinganishe. Kunde nimeshatenga.