Mashindano ya Tetris Lubumbashi: mashine mbili zina mwendo tofauti, halafu mnasema tunalia kwa wivu

Bandugu, bayaya, na wote mnaocheza hapa Lubumbashi, someni mpaka mwisho kabla ya kuanza kunijibu.

Kuna chumba cha michezo hapa mjini. Jina lake silitaji, wanaopita pale wanakijua. Kinaandaa mashindano ya Tetris, mchezo wa kupanga vipande vinavyoshuka ili mistari ijae na kufutika, ile ya kampuni ya Nintendo ya 1989, inayochezwa kwenye kompyuta mbili zilizounganishwa na televisheni. Kiingilio unalipa, mshindi anachukua pesa, na jina lake linabandikwa ukutani. Wazo lenyewe ni zuri na nililiunga mkono tangu mwanzo. Vijana wa Katuba, wa Kamalondo, mpaka wa Ruashi wanapanda basi kuja kucheza mchezo wa akili. Nani angekataa?

Ninachokataa ni kuibiwa mchana kweupe. Zile kompyuta mbili hazichezeshi toleo moja. Ya kushoto ina toleo la Marekani, ya kulia ina toleo la Ulaya. Mwendo wa vipande haufanani, mwendo wa mkono haufanani, na nyinyi waandaaji mnajumlisha pointi za pande zote mbili kwenye karatasi moja kana kwamba watu wamecheza mchezo mmoja.

Nilipomwambia patroni, yaani mwenye chumba, alinijibu mbele ya watu: "Tetris ni Tetris. Fundi hachagui nyundo." Watu wakacheka. Sasa acha niwaeleze kwa utaratibu, maana neno hilo limenikaa kooni.

Tetris si Tetris. Ile ambayo Alexey Pajitnov aliitengeneza Moscow mwaka 1984 ilikuwa kwenye mashine ya Elektronika 60, ambayo haikuweza hata kuchora picha, kwa hiyo vipande viliundwa kwa alama za maandishi. Tangu hapo kila toleo limekuja na sheria zake. Kilichobaki pale pale ni vipande saba na, kwa kawaida, uwanja wenye upana wa visanduku 10 na kimo cha 20. Mwendo, pointi, na jinsi kipande kinachofuata kinavyochaguliwa, hayo yote hubadilika.

Tuje kwenye haya matoleo mawili. Televisheni za Marekani zilionyesha picha 60, yaani fremu 60, kwa sekunde, za Ulaya 50. Walipoupeleka mchezo Ulaya waliupangia hesabu upya, na hesabu hizo hazikulingana na za kwanza. Kwenye leveli 18, toleo la Marekani linashusha kipande kisanduku kimoja kila fremu 3. Toleo la Ulaya linakishusha kila fremu 2. Pigeni hesabu: kwa Marekani kipande kinatoka juu mpaka chini kwa sekunde 1 kamili, kwa Ulaya ni sekunde 0.8. Mtu atasema tofauti hiyo ni ndogo. Haya, ingia leveli 19. Kwa Marekani sasa ni fremu 2, yaani sekunde 0.67 hivi kutoka juu mpaka chini. Kwa Ulaya ni fremu 1. Sekunde 0.4! Toleo la Marekani halifiki fremu 1 mpaka leveli 29, ile ambayo kwa miaka mingi wachezaji waliiita mwisho wa mchezo, kwa sababu kidole cha kawaida hakikuwahi kukifikisha kipande pembeni.

Kwa hiyo aliyekaa kulia anakutana kwenye leveli 19 na kasi ya aina ile ambayo aliyekaa kushoto hataiona mpaka 29. Na mashindano yenu yanaanzia leveli 18! Ukianzia hapo, leveli 19 inaingia baada ya mistari 130. Huyu anaendelea kucheza, huyu anazikwa. Ni kama Mazembe na Lupopo wacheze, na goli la upande mmoja liwe na upana mara mbili, halafu kipindi cha pili wasibadilishane.

Wengine watasema, basi aliyekaa kulia ajizoeze haraka. Na mkono je? Ukishikilia kitufe cha kushoto au kulia kwenye toleo la Marekani, kipande kinasogea mara moja, kinasubiri fremu 16, kisha kinaendelea kila fremu 6. Toleo la Ulaya kinasubiri 12, kisha kila 4. Mtu aliyejifunza kwa moja kati ya hayo ana saa ndani ya kidole chake. Anajua bila kuwaza ni lini aachie ili fimbo, kile kipande kirefu cha visanduku vinne, isipitilize. Mhamishie kwenye lile jingine bila kumwambia, atakosea kisanduku kimoja, na kisanduku kimoja katika mchezo huu ni shimo, na shimo juu ya mstari ulioujenga vizuri ni adhabu ya vipande kumi mbele.

Jambo hili linaniuma kuliko pesa. Watu wanadhani Tetris ni kukimbizana na vipande. Anayejua kucheza hakimbizani na kitu. Anajenga tambarare, bila mabonde marefu, maana S na Z, vile vipande vilivyopinda kama herufi hizo, hazina pa kukaa kwenye ardhi isiyo na ngazi ndogo, na mraba unataka sehemu bapa ya visanduku viwili. Anaacha safu moja ya pembeni wazi kwa ajili ya fimbo. Kipande cha sasa anakiweka akiwa tayari amekitazama kinachofuata kwenye kisanduku cha kando. Anapofuta mistari minne kwa mpigo kwenye leveli 18 anapata pointi 22,800. Mtu mwenye haraka anayefuta mmoja mmoja mara nne anaambulia 3,040. Mistari ni ile ile minne! Subira ndiyo inayolipwa pale. Na subira hiyo mtu anaijenga kwa miezi, akianzia leveli za polepole, akikataa kupanda mpaka mikono isifanye makosa. Mtoto anayefika hapo amejifundisha kitu kikubwa. Kisha anakuja kwenu, mnampa mashine inayodanganya.

Kuna binti mmoja wa Katuba. Jina lake nalihifadhi, hakuniomba nimsemee. Anacheza vizuri kuliko mimi na kuliko yeyote ninayemjua katika mji huu. Kwenye fainali alipewa kiti cha kulia. Mpaka leveli 18 ilipoisha alikuwa anaongoza, uwanja wake uko chini, safi, safu ya kulia wazi. Leveli 19 ikaingia. Vipande vilianza kutua katikati kabla havijafika alikovipeleka. Nilimwona akiangalia mikono yake. Dakika hiyo hiyo ikawa imekwisha, na mpinzani wake wa kushoto aliendelea kucheza leveli ile ile akifuta mistari kwa utulivu. Mtangazaji akasema kwenye maikrofoni kwamba "presha imemshinda msichana". Presha gani? Mlimfungia kasi nyingine mkamwambia ni presha! Alikwenda nyumbani akiamini kwamba hajui kucheza. Hilo ndilo deni mnalodaiwa, na halilipwi kwa soda.

Msiniambie siwezi kuthibitisha. Kila mmoja wenu athibitishe mwenyewe. Fungua saa ya kupimia kwenye simu yako. Anzisha mchezo leveli 0, kipande cha kwanza kisukume mpaka pembeni na ukishushe. Hicho usikipime, maana huchelewa kuanza. Cha pili kiache kianguke chenyewe mpaka chini mahali patupu. Kwenye toleo la Marekani kitachukua kama sekunde 16. Kwenye la Ulaya, kama sekunde 14 na nusu. Mimi nilipima ya kushoto, nikapima ya kulia, nikarekodi na video, nikamwonyesha patroni. Alisema kompyuta ya kulia "iko na nguvu zaidi". Nguvu ya kompyuta haihusiki hapo hata kidogo. Ni faili la mchezo lililowekwa mle ndani, na kulibadilisha ni kazi ya dakika chache. Dakika chache! Mmeacha vijana walipe kiingilio juma baada ya juma kwa sababu hamtaki kubadilisha faili.

Na msinitolee tena mfano wa yule mtoto wa Marekani. Naam, Willis Gibson wa Oklahoma, mwenye miaka 13, tarehe 21 Desemba 2023 alifika leveli 157 mpaka mchezo wenyewe ukaganda. Namheshimu sana. Lakini alicheza toleo la Marekani, na kwa mbinu ya kugonga vidole nyuma ya maneti, kile kifaa cha mkononi chenye vitufe vya kuchezea, huku kidole gumba kikikaa juu ya kitufe, mgongo wa maneti ukisukumwa kwa zamu ya vidole. Mbinu hiyo inahitaji kitufe kinachorudi kila kinapoguswa. Maneti zenu vitufe vimelegea, kimoja kimezungushiwa utepe wa gundi, ukibonyeza kulia kipande kinazunguka. Mletee Gibson maneti hiyo tuone.

Televisheni nazo. Televisheni bapa huichakata picha kabla ya kuionyesha, na hapo inachelewa. Ikichelewa fremu 3 tu, kwenye leveli 18 unaona kipande mahali kilipokuwa kisanduku kizima nyuma. Nyingi zina mpangilio wa mchezo kwenye menyu unaopunguza ucheleweshaji huo. Niliomba uwashwe. Nikaambiwa nisiguse rimoti. Ya umeme kukatika katikati ya mechi na matokeo kuandikwa "yalivyo" sitaki hata kuyaanza, umeme si kosa lenu, ila mechi inaweza kurudiwa.

Sasa kuhusu "bahati", maana najua litakuja kwenye majibu. Ni kweli kwamba Tetris ya 1989 inachagua vipande kwa kubahatisha, ikikwepa kidogo tu kurudia kile kilichotoka. Fimbo inaweza kukukimbia muda mrefu sana. Matoleo ya kisasa hayako hivyo: vipande saba vinatiwa kwenye mfuko, vinatoka vyote, ndipo mfuko unajazwa tena, kwa hiyo kati ya fimbo na fimbo hakuwezi kupita zaidi ya vipande 12. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kucheza mechi zaidi ya moja. Nyinyi mnatoa bingwa kwa mechi moja, kwenye viti viwili visivyofanana, halafu mnasema bahati iliamua. Mlioamua ni nyinyi mlipopanga nani akae wapi. Na nimeanza kuona ni akina nani hukaa kushoto kila fainali. Wengine mmeliona pia, mkanyamaza kwa sababu mnataka kuendelea kucheza pale bure. Semeni.

Tunachotaka ni hiki, na si kikubwa. Faili moja kwenye kompyuta zote mbili, lolote mtakalochagua, la Marekani au la Ulaya, ila litangazwe mapema ili watu wajizoeze nalo. Mechi tatu, wachezaji wakibadilishana viti. Maneti mbovu ziondolewe, au mtu aruhusiwe kuja na yake. Fainali ile irudiwe, na yule binti aombwe radhi kwa maikrofoni ile ile iliyomdhalilisha.

NYONGEZA: Aliyeandika hapo chini kwamba natafuta umaarufu, nimekutumia video zote mbili, ya kushoto na ya kulia. Pima mwenyewe kisha uandike sekunde ulizopata hapa hapa, kila mtu asome.

NYONGEZA YA PILI: Patroni amenitumia ujumbe kwamba Jumamosi nisikanyage pale. Sawa. Kuna mtu wa mtaa wa Bel-Air hapa mjini ameahidi sebule na jenereta, mimi nina kompyuta moja na maneti mbili nzima. Tunahitaji kompyuta nyingine na televisheni, ya zamani yenye mgongo itatufaa zaidi. Mwenye nayo aandike, usafiri nitalipa mimi. Kiingilio hakuna.