Fidla na mitambo: nianze na albamu ipi kati ya hizi tatu?

Fidla_Unguja
Assalamu aleikum jamani. Napiga fidla kwenye kikundi cha taarab, mwaka wa 12 huu. Siku hizi nimeshikwa na hamu ya muziki wa elektroakustika: nyuzi zikipitishwa kwenye amplifaya, zikichanganywa na sauti zilizorekodiwa. Nimetajiwa tatu: *Black Angels* ya Kronos Quartet, kikundi cha wapigaji nyuzi wanne (1990), *Pieces of Africa* ya hao hao (1992), na *Peel* ya KMRU (2020). Nataka kununua moja kwanza, niisikilize hadi niijue. Ipi?

Bint_Mvita
Waaleikum salaam kaka. Chukua *Pieces of Africa*. Fidla mbili, viola na selo, na watunzi ni wa bara letu: Hamza El Din, Mnubi mpiga udi, Dumisani Maraire wa Zimbabwe, Justinian Tamusuza, jirani yetu wa Uganda. Kipande cha Hamza kinaitwa "Escalay", yaani gurudumu la kutekea maji, na kweli kinazunguka polepole hivyo hivyo. Sikio la taarab halitapotea humo.

Mzee_wa_Santuri
Binti yangu, naipenda sana albamu hiyo, lakini mwenzetu kauliza habari za mitambo, na humo karibu haimo. Ajibiwe alichouliza: *Black Angels*.

Kipande kinachobeba jina la albamu alikitunga George Crumb, Mmarekani, akakimaliza Ijumaa tarehe 13 Machi 1970, Vita vya Vietnam vikiendelea. Vyombo vyote vinne vinakuzwa kwa umeme. Kinaanza na kelele kama za wadudu zinazokuchoma masikio. Punguza sauti kabla hujabonyeza. Halafu kuna mahali selo inaimba peke yake, na wale watatu wengine wanasugua bilauri za maji kwa pinde zao. Mimi hapo huacha kila nilichokuwa nikifanya. Kwingine wanashika fidla kama wazee wa Ulaya wa zamani na kupitisha upinde upande usio wa kawaida wa vidole vya kushoto. Wewe mpiga fidla utayaelewa haya kuliko sisi.

Na wapigaji huhesabu kwa lugha kadhaa: Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihangari, Kijapani, na Kiswahili. Naam, Kiswahili chetu!

Mpiga fidla David Harrington alikisikia redioni mwaka 1973, na ndicho kilichomfanya aunde Kronos. Albamu yenyewe ni mchanganyiko wa ajabu: Tallis wa karne ya 16, Shostakovich Mrusi, na kipande cha István Márta kilichojengwa juu ya maombolezo ya wanawake wa kijijini Rumania.

Kimya_Kingi
Shikamoo mzee. Nakubali, ila *Peel* msiipite haraka. KMRU ni kijana wa Kenya, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mwimbaji, na jina ni hilo hilo. Hutasikia ngoma wala fidla. Ni sauti za mazingira zilizorekodiwa, zikanyooshwa hadi zikawa kama ukungu. Mimi huisikiliza usiku kwa hedifoni, maana kwa spika ya simu hakuna kitu. Kwa ndugu yetu naiweka ya pili.

Bint_Mvita
Hilo la Kiswahili sikulijua, mzee. Basi nabadili: *Black Angels* kwanza. Lakini Shostakovich asimruke, hiyo Kwarteti namba 8 ya 1960 inaumiza bila umeme wowote.

Nyota_ya_Pwani
Mmemsahau Halim El-Dabh wa Misri. Mwaka 1944, Cairo, alirekodi wanawake kwenye sherehe ya zari, yaani ngoma ya pepo, kwa mashine ya kurekodi kwenye waya, kisha akaondoa sauti za msingi na kubakiza mwangwi wa zile za juu. Pierre Schaeffer, anayesifiwa Ufaransa kuwa mwanzilishi wa muziki wa sauti zilizorekodiwa, alianza 1948. Kipande kilichosalia ni cha dakika chache tu, kimo kwenye *Crossing into the Electric Magnetic*. Aliyekulia karibu na ngoma za pepo ataitambua sauti ile mara moja.

Fidla_Unguja
Ahsanteni sana. Nimeichukua *Black Angels*. Bilauri nimeshazijaza maji hapa mezani. Mzee, upinde unasuguliwa ukingoni kwa juu, au ubavuni?

Mzee_wa_Santuri
Ukingoni, taratibu, na upake ulimbo kwanza. Ongeza maji, sauti itakuwa nzito zaidi.