Siringomielia na sirinji: jina la ugonjwa wa ndugu yangu latokana na sindano?

Binti wa Kibokoni

Assalaam aleikum. Nina swali la neno, na neno lenyewe linatunyima usingizi nyumbani.

Ndugu yangu mdogo auza kahawa chungu hapa Mji wa Kale, Mombasa, yeye na dele lake la shaba na sinia ya kashata. Tangu mwaka jana vidole vyake haviishi malengelenge. Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, alilishika dele chini kabisa, karibu na makaa, akawa anamimina huku anazungumza na wateja, mpaka mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, waungua!" Yeye hakuwa amehisi chochote. Lakini mtie sarafu mfukoni, ataitofautisha ya shilingi kumi na ya ishirini kwa kidole tu, bila kutazama. Sikuelewa mkono gani huu unaojua sarafu usijue moto.

Alipigwa picha ya MRI katika hospitali moja ya hapa mjini. Daktari alikuwa na watu wengi nje. Akatuandikia neno moja, siringomielia, na tarehe ya kurudi. Mama alilisikia "sirinji". Nanyi mwajua neno hilo mtaani lina uzito gani, tumeshazika vijana waliokuwa wakijidunga. Tangu siku ile mama humkagua mikono usiku akiwa amelala, atafuta matundu. Naye ajua kwamba anakaguliwa. Hajasema kitu, ila siku hizi analala na shati la mikono mirefu, na joto lote hili.

Sasa binti yangu yuko chuoni, walipelekwa Nyali kusoma nyasi za baharini. Katika daftari lake nikaona ameandika *Syringodium isoetifolium*. Herufi ni zile zile! Mwenye kujua anieleze: sirinji, ugonjwa na jani la baharini vimekutana wapi? Nataka neno la kweli la kumwambia mama, si la kumtuliza tu.

Mwalimu Mstaafu, Tudor

Waaleikum salaam mwanangu, na pole sana. Nimesomesha baiolojia maisha yangu yote na majina haya nayapenda, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Vyote vitatu vimetoka kwenye neno moja la Kiyunani, *syrinx*. Maana yake ni bomba, mwanzi wenye uwazi ndani, na pia filimbi ya mwanzi. Wayunani wa kale walisimulia kwamba Syrinx alikuwa binti aliyekimbizwa na Pani, mungu wao wa wachungaji, akageuzwa matete kando ya mto asikamatwe. Pani akayakata yale matete akatengeneza filimbi.

Kutoka kwenye filimbi neno likaenda kwenye kila kitu chenye umbo la mrija. Sirinji ya zamani ilikuwa bomba tu la kurushia maji, la kuoshea vidonda na masikio, halikuwa na sindano yoyote. Sindano yenye tundu iliunganishwa na bomba hilo mwaka 1853, kwa kazi ya Alexander Wood kule Scotland na Charles Pravaz kule Ufaransa. Na jina la ugonjwa wa ndugu yako? Alilitoa daktari Mfaransa, Ollivier d'Angers, katika miaka ya 1820. Mwambie mama ahesabu mwenyewe. Ugonjwa ulipewa jina hili kabla sirinji yenye sindano kama ya leo haijatengenezwa. Jina haliwezi kuwa linamshtaki mwanawe.

Sehemu ya pili, *myelos*, ni uboho, kwa sababu watu wa kale waliuona ule ugwe ulio ndani ya mifupa ya mgongo wakadhani ni uboho wake. Kwa hiyo daktari aliandika "mrija ndani ya uboho wa mgongo". Hajaandika sababu, ameandika umbo aliloliona kwenye picha.

Mimea nayo ina mengi. Kuna kichaka cha Ulaya chenye maua ya zambarau, *Syringa vulgaris*. Vijiti vyake vina kiini laini, ukikisukuma nje unabaki na bomba. Kwa joto letu la Mombasa hakioti. Na Wareno, hao hao waliotuachia maneno meza na leso, sirinji huiita *seringa*. Walipofika Brazil waliwakuta wenyeji wakitengeneza mabomba ya kurushia maji kwa utomvu wa mti fulani, ndipo mti ule ukaitwa *seringueira*. Ni mti wa mpira. Hata kunguru wanaotupigia kelele kila alfajiri, sauti yao haitoki kooni juu kama yetu. Inatoka chini, pale koo la hewa linapogawanyika kuelekea mapafu mawili, na kiungo hicho kinaitwa *syrinx*.

Mtembeza wageni, Nyali

Dada, jani hilo nalijua. Nyasi nyingine hapa ni bapa kama utepe, hili pekee ni la mviringo kama tambi. Ukilikata kwa wembe na kulitazama kwa kioo cha kukuzia utaona vijia vya hewa ndani. Msing'oe, yaliyosukumwa ufukweni yapo tele.

Muuguzi wa Likoni

Dadangu, mwalimu amemaliza la jina, nami niseme la mkono.

Habari za maumivu na za joto zikiingia kwenye ugwe wa mgongo, huvuka katikati kwenda upande wa pili ndipo zipande ubongoni. Habari za mguso mwepesi hupanda kwa nyuma bila kuvuka hapo. Mrija wa maji ukitanuka katikati, unaharibu pale pa kuvukia. Fikiria feri yetu ya kuvukia maji imesimama: wa Likoni hatufiki mjini, lakini wanaopitia barabara ya Makupa wanaingia kama kawaida. Ndiyo maana sarafu anaijua na moto haujui. Mara nyingi ganzi hiyo hutanda mabegani na mikononi, kama mtu aliyejifunika shali.

Hauambukizi. Mara nyingi chanzo ni sehemu ya chini ya ubongo kushuka kwenye tundu la fuvu, hali iitwayo Kiari, na mtu huzaliwa nayo. Wengine ni ajali ya mgongo au uvimbe. Muulizeni daktari ni kipi, na kama anahitaji upasuaji au kufuatiliwa tu. Je, akikohoa au kupiga chafya kichwa humuuma kwa nyuma? Hilo lisemeni. Na miguu ikiwa mizito au mkojo ukisumbua, msingoje tarehe, nendeni siku hiyo hiyo.

Kwa sasa mshikio wa dele uzungushiwe kitambaa kinene, na joto la maji ya kuoga apimiwe na mtu mwingine. Kila jioni atazame mikono yake kwa macho, kwa sababu kidonda hakitamwambia kwamba kipo.

Binti wa Kibokoni

Mwalimu, shikamoo. Muuguzi, Mungu akulipe. Mtembeza wageni, asante.

Nimemsomea mama yote, neno kwa neno. Pale pa miaka ya 1820 na 1853 alinisimamisha, nikarudia mara mbili. Kisha binti yangu akaleta jani aliloliokota Nyali, akalikata mbele yake. Mama macho yake si mazuri tena, kwa hiyo alilizungusha kati ya vidole, akaliviringisha, akasema, "Kumbe ni kamrija." Ndugu yangu alikuwa mlangoni akisikiliza. Mama akamwita, akamkunja mkono wa shati mchana kweupe mbele yetu sote, akaanza kumpaka dawa ya kuungua.

La kukohoa nimemuuliza. Anasema kichwa kinamuuma kwa nyuma, na alikuwa hajamwambia mtu. Tarehe yetu ni wiki ijayo, nimeliandika juu ya karatasi ya daktari pamoja na swali la Kiari.