Tukishuka melini Kilindini, tulale wapi Diani?

Wadau, habari zenu. Mwezi wa tano mimi na mama tunamaliza safari ya meli ya kitalii, tunashuka Kilindini, bandari ya Mombasa, asubuhi. Tunataka siku 3 Diani kabla ya kurudi Nairobi. Hoteli za ufukweni nimezipigia, bei zake zinanitoa jasho. Tena mama ana goti bovu, ngazi hawezi. Nisaidieni.

— Mwezi wa tano ni masika, bei hushuka, ila hoteli nyingine hufunga kabisa. Piga simu, omba bei ya mkazi, mbebe vitambulisho. Mimi hutafuta koteji ng'ambo ya barabara ya ufukweni: unavuka, unafuata kichochoro, dakika 5 uko mchangani. Chumba cha chini, jiko dogo la gesi, samaki unanunua kwa wavuvi wenyewe. Lakini uliza maji ya bafuni! Mwaka jana nilioga maji ya kisima yenye chumvi siku 2, sabuni haitoi povu, nywele kama makumbi.

— Feri ya Likoni, ya kuvukia kwenda upande wa Diani, ni bure kwa waendao kwa miguu, lakini ule mteremko na ule msukumano, kwa goti la mama, hapana. Chukueni teksi ipitie barabara ya Dongo Kundu, isiyohitaji feri.

— Asanteni sana. Mama kasikia habari ya jiko, anasema mbuzi ya nazi atabeba yake. Kwenye meli!